Paa Lililoshuka kwa Miguu kutoka Chome

Simu ya msiba ilinikuta nabishana na kijana wa vyuma chakavu. Alikuwa amesimama uani kwangu hapa Same, nyuma ya mgahawa, mizani begani, anayatazama mabati yangu ya zamani kama mtu anayeonyeshwa ng'ombe aliyekonda. Fundi alikuwa ameyashusha jana yake. Mgahawa mpya nimeujenga mbele, mpana zaidi, na mabati yake ya bluu yako juu tayari. Haya ya zamani ni mafupi, hayafiki popote, yakabaki hayana kazi. "Mama, haya mimi nachukua kwa kilo," kijana akasema. Nikamwambia, we mtoto, kwa kilo? Haya mabati yamekula chumvi kuliko babu yako. "Sasa mama, yana matundu kila mahali, nani ataezekea?" Akacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshakubali, maana ua umejaa na binti yangu Upendo kila siku ananiimbia, mama acha kurundika vitu. Hapo ndipo simu ikalia. Alikuwa Mwanaidi wa Hedaru. "Ma'mdogo," akasema, "mama ametutoka alfajiri." Nikakaa chini palepale juu ya mabati. Kijana akaniuliza polepole kama aanze kupima. Nikamwambia aende, arudi siku nyingine.

Mama yake Mwanaidi ni dada Zaina, na mimi na dada Zaina hatukuzaliwa tumbo moja. Habari za ukoo wangu sitazieleza hapa. Anayezitaka awaendee wazee, watamchosha wenyewe. Ninalotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka nilioujenga mgahawa wa kwanza kwa vitu ambavyo wenzangu walikuwa wamevichoka, kwa sababu mpaka leo nikiufikiria mwili unanisisimka. Nilikuwa msichana bado, nina kibanda cha chai na vitumbua kando ya barabara kuu. Asubuhi moja nikakuta wamenichorea X nyekundu ukutani. Barabara inapanuliwa, vibanda vyote vya upande wetu viondoke. Wengine walilia, wengine wakaenda kushtaki, si mnatujua sisi Wapare, mtu yuko tayari kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Mimi nikamwendea Mzee Eliamani aliyekuwa na kiwanja karibu na stendi. Nikamkuta anakunywa uji. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Kiwanja nitakupa ukikodi, ila sikiliza. Mvua za vuli zikikuta hujaezeka, nampa yule mwenye mashine ya kusaga. Kuta bila paa ni zizi." Akarudi kwenye uji wake. Basi nikawa nimepewa kiwanja na hofu kwa mkono mmoja.

Dada Zaina alikuwa anauza mitumba Hedaru. Alinizidi umri kidogo, Mpare Mwislamu wa hukohuko bondeni, mwembamba, na sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara akaja bila kujua kwa nini anakuja. Siku za gulio aliuza nguo chini ya turubai. Siku nyingine alizunguka akitafuta vitu vilivyotumika, sufuria, viti, milango, chochote, ananunua huku anauza kule. Akifika Same alikula vitumbua vyangu. Aliposikia nina mgahawa wa kujenga na mfuko mwembamba, akaniita kwa jina langu, "Namsifu, ukinunua kipya hata kijiko kimoja, usiniite dada." Nikadhani utani. Weee! Tangu siku ile nilimfuata kama mkia. Nilimwona akijaza sufuria maji, akiinyanyua juu ya kichwa chake na kuitazama kwa chini, akisubiri tone limwangukie usoni. Kiti alikikalia akapiga soga na mwenyewe, watoto hawajambo, mahindi vipi huko, mpaka mwenye kiti akasahau kilichomleta, kisha akainuka na kusema, "Kinalalamika mguu wa kushoto." Nilimuuliza kwa nini tusinunue kipya tukaepuka taabu zote hizo. Akasema, "Kitu kipya hujui tabia yake. Cha zamani aibu zake ziko nje, kazi yako ni kuchagua aibu unayoiweza."

Ndivyo mgahawa ulivyoanza kuota. Viti vya wateja tulivipata kwa basi moja lililofia Makanya, vya watu wawiliwawili, sponji yake bado nzima. Meza nilizitengeneza kwa mbao za makasha yaliyokuja na mitambo, zimeandikwa maneno ya nchi za watu, na baadaye wateja walikuwa wanakula huku wanajaribu kuyasoma. Mlango ulitoka kwenye ghala lililovunjwa. Madirisha mawili hayakulingana hata kidogo, moja refu jingine fupi, na mpita njia mmoja akaniambia nyumba yangu inakonyeza. Sahani zilikuwa za bati, za rangi nyeupe na ukingo wa bluu, zimebanduka hapa na pale. Jioni nilikuwa naingia ndani ya kuta zile nne, nakaa kwenye kiti cha basi, natazama juu. Juu kulikuwa na mbingu. Milima ya Pare ilikuwa imeanza kuvaa mawingu shingoni, na yule bwana wa mashine alishapita mara mbili kupima kiwanja kwa hatua, ananisalimia kwa adabu kabisa, "Habari za kazi, dada?" Nilikuwa nashindwa hata kumchukia. Pesa ya mabati nilikuwa nayo kwa shida, na kwa mabati mapya haikutosha kufunika hata jiko.

Ndipo dada Zaina akaja na habari kwamba kanisa moja Chome linaezekwa upya, na mabati ya zamani yatanadiwa Jumapili baada ya ibada, pamoja na mazao ya mavuno. "Mabati ya zamani yale," akasema, "sio haya ya siku hizi unayakunja kama chapati." Tukapanda Jumamosi, lori mpaka liliposhindwa, halafu miguu. Chome kwa mtu wa bondeni ni nchi nyingine. Baridi inakushika masikio, ukungu unashuka kutoka msitu wa Shengena unaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Tulifikia kwa Mama Kanankira, mwimba kwaya, rafiki wa rafiki. Alitupa kande lililokuwa jikoni tangu mchana, limelainika mahindi yamepasuka, na chai ya tangawizi iliyotuchoma koo mpaka machozi. Tukalazwa chumba cha pili, na ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo tuliwasikia wazee wawili waliobaki wakiota moto. Mmoja alikuwa babu wa nyumba ile. "Lile paa," babu alisema, "treni iliyashusha mabati Makanya, baba zetu wakayapandisha kwa vichwa. Mimi nilikuwa mdogo, nilibebeshwa misumari." "Na hakuna aliyechoka?" mwenzake akauliza. "Nani achoke, na mkewe yuko nyuma anamtazama?" Wakacheka mpaka wakakohoa. Nilibaki macho wazi. Nilikuwa nimepanda mlima ule na kikapu tu, nikaona nimekufa. Watu walipanda na paa la kanisa! "Umesikia?" dada Zaina akaninong'oneza. "Nimesikia." "Basi hayo hayawezi kuwa mabovu," akasema, akageukia ukutani akalala.

Asubuhi niliingia ibadani, yeye akabaki nje na mabati. Nilipotoka nikamkuta amechuchumaa pembeni ya rundo, anagonga bati kwa kidole akisikiliza, analigeuza, analipima kwa mkono wake kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, midomo inacheza. Nilidhani ananipimia mimi. "Mazuri?" nikamuuliza. "Mazuri sana," akasema, na akatazama pembeni.

Sasa nieleze kosa langu, na mtu wa Chome atakayesikia acheke tu, nimezoea. Katika minada yetu ya kanisani, mtu akinunua kuku mara nyingi hamchukui. Anamrudisha madhabahuni, kuku anauzwa tena, na tena, mpaka anasinzia mikononi mwa mzee wa kanisa. Hilo nililijua, mimi Mlutheri wa kuzaliwa. Nisilolijua ni kwamba, ingawa kwetu Same mtu husema kwa mdomo kwamba anarudisha, pale kwao haneni neno. Akishalipa anainua mkono wa kulia, basi, imekwisha. Kama ningetazama minada ya kuku na magimbi ningejifunza, lakini macho yangu yalikuwa yameganda kwenye mabati. Yalipofika, nikapandisha bei na bwana mmoja wa Makanya mwenye ghala, tukapandishana, mpaka yeye akatikisa kichwa. "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu, yamekwenda kwa dada mgeni kutoka Same!" Nikapeleka pesa yangu yote mbele kwa mhazini. Furaha ikanijaa mpaka kooni, na bila kufikiri nikauinua mkono wa kulia juu kabisa nikapaza sauti, "Bwana asifiwe!"

"Amerudisha!" mzee wa kanisa akalia. "Ndugu zangu, mgeni amerudisha paa zima!" Jamani. Kwaya ikasimama, vigelegele vikapaa, mama mmoja akanikumbatia akanifuta uso kwa kanga yake, maana machozi yalikuwa yananitoka na yeye alidhani ni ya baraka. Utaanzaje? Utasemaje, mbele ya watu wanaokuimbia, kwamba naomba nirudishiwe nilichompa Mungu? Nikamtafuta dada Zaina kwa macho. Alikuwa pembeni kabisa, karibu na mikungu ya ndizi, mtandio umemzunguka uso, ananitazama. Yeye peke yake ndiye aliyejua nimebaki na nauli. Mnada ukaanza upya. Bwana wa Makanya akataja bei yake, ametabasamu, anajua mimi sipo tena. Ndipo nikaisikia ile sauti ya ng'ambo ya barabara. "Naongeza!"

Watu wote waligeuka. Bwana wa Makanya akaongeza. Dada Zaina akaongeza. Walikwenda hivyo, na kila alipotaja bei alikuwa anasogea hatua mbele, mpaka akawa amesimama katikati ya Walutheri wote wa Chome, Mwislamu peke yake, mgongo umenyooka. Yule bwana akanyamaza. Mara ya tatu ikapita. "Mama, jina lako?" "Zaina." Mzee wa kanisa akavua miwani. "Mama Zaina, unarudisha?" Dada Zaina akaingiza mikono yote miwili chini ya mtandio. "Mikono yangu hii nimeificha, msije mkanisingizia," akasema. "Sirudishi. Nachukua, halafu nampa yule anayetetemeka pale." Watu wakacheka, wakacheka sana, kisha kicheko kikazimika chenyewe kama moto unaomwagiwa maji, kwa sababu wote waligeuka wakaniona nilivyo, wakaelewa kwamba sikukusudia kurudisha. Mzee wa kanisa alinunua mkungu wa ndizi kwa pesa yake akampa dada Zaina. Nilikuwa nimeomba paa kwa Mungu miezi, na sikuwahi kufikiri angelileta kwa mlango ule.

Usiku ule mvua ilinyesha mlimani, ikavunja barabara, na habari zikaja asubuhi kwamba lori limekwama chini huko haliwezi kupanda. Nikasema basi, vuli imenifikia, mashine ya kusaga imeshinda. Kumbe babu wa nyumba ile alishatoka na fimbo yake kwenda kuita msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ambayo ikiitwa kila nyumba inatoa mtu. "Yalipanda kwa vichwa," alisema, "yatashuka kwa vichwa." Walikuja kwaya nzima, na wanaume wao, na bibi waliokatazwa wakaja hivyohivyo. Wakayabeba wawiliwawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kata za majani ya migomba kichwani. Mimi nilikuwa nyuma na bati langu na Mama Kanankira, na kwenye kona ya kwanza nilipoitazama njia iliyokuwa mbele yangu, miguu ilisimama yenyewe. Paa la kanisa lilikuwa linatembea. Lilikuwa linashuka mlima kwa kujipinda, linapotea kwenye migomba, linatokea tena chini, jua limelipiga linawaka, na watu chini yake hawaonekani ila miguu. Walikuwa wanaimba, na mabati yanagongana yakiitikia. Tulipofika kijiji cha chini, watu walikuwa wametoka kusikiliza ule mngurumo, na bila kuombwa wakapokea mizigo, wa Chome wakaketi kupumzika. Mbele ya wote alikuwa dada Zaina na mkungu wake wa ndizi kichwani. "Nani aliwafundisha kutembea taratibu hivi?" akawa anawasimanga wanaume.

Nilimsogelea nikamuuliza, "Dada, pesa ile ilikuwa ya nini?" "Ya kununulia vitu." "Vitu gani?" "Nilikuja kununua vitu, nimenunua vitu. Kwani bati si kitu?" Nikajaribu kusema asante, akaniambia nitazame njia nitaanguka. Makanya tuliyapakia kwenye lori. Yeye akapanda basi la kwenda Hedaru, nami nikapanda juu ya mabati kuelekea Same.

Fundi aliyapanga kwa siku chache. Matundu ya misumari ya kanisa yalibaki kwanza, na mchana jua lilipita humo likadondosha vidoa vya mwanga sakafuni kwangu, juu ya viti vya basi, juu ya mikono yangu nikikoroga. Mtoto wa jirani aliingia akaanza kuviruka. Nilikaa nikavitazama mpaka chakula kikaungua. Kisha tukakata kandambili zilizokufa, kila tundu kipande chake na msumari na lami kidogo, paa likafunga macho. Mvua ilikuja mchana wa siku ya soko. Watu wakakimbilia ndani kutoka stendi, na kati yao akaingia Mzee Eliamani na yule bwana wa mashine, wameloa wote wawili. Mzee akatazama juu muda mrefu. Hakuna tone. Nikampa bakuli la kande. "Kuta bila paa ni zizi," nikapaza sauti, maana mabati yalikuwa yananguruma. "Na zenye paa?" akauliza. "Ni kwangu, mzee!" Akacheka akala, na bwana wa mashine akaomba la pili.

Miaka yote baada ya hapo dada Zaina aliuza chini ya turubai lilelile Hedaru, akilibadilisha likichanika. Kila nilipomwambia ajenge kibanda alinijibu kwamba mitumba inataka jua, ikifungiwa ndani inanuka belo, furushi inamokuja. Nikamwamini. Alijua biashara kuliko mimi, ningebisha nini?

Basi nikaenda Hedaru. Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika, sisi wanawake tulikuwa tumejaa ndani kwenye mikeka. Walikuwa wanamkumbuka kwa kumcheka, kama alivyostahili. Mmoja akaeleza dada Zaina alivyowahi kumuuzia koti la baridi kwenye joto la Hedaru, wakati wa kiangazi. Baadaye nilitoka nyuma kumsaidia Mwanaidi kuosha vyombo. Sasa ni mtu mzima, anauza mitumba ya mama yake, na turubai lilikuwa limekunjwa pale ukutani, limeshonwashonwa. Nikasema, ili tu kusema kitu, mama yako na jua lake, hakutaka paa kabisa. Mwanaidi akaniangalia kwa mshangao. "Hakutaka? Ma'mdogo, mama alitaka paa kuliko chochote. Nakumbuka nikiwa mdogo, alituambia anakwenda Chome kutuletea mabati ya kibanda. Kiwanja alishapata, nguzo tulishasimamisha. Tukamsubiri barabarani mpaka basi likaja." Akasuuza sahani. "Akashuka na mkungu wa ndizi. Tukamuuliza mabati yako wapi, akasema, kuleni kwanza."

Nilimwona tena dada Zaina amechuchumaa pale Chome, anagonga bati, anapima kwa mkono wake, midomo inahesabu. Alikuwa anapima kibanda chake. Alisimama kando akaniacha ninunue mimi, na nilipoyapoteza kwa upumbavu wangu akayapata, yakawa yake, halali yake, na bado akanipa. Miaka yote ile mvua iliponyesha mimi nilikuwa mkavu. Nililia kwenye beseni la vyombo, Mwanaidi akadhani ni msiba tu, akanishika bega.

Matanga yalipoisha nilirudi Same. Kijana wa vyuma chakavu akaja na mizani yake, nikamwambia aiweke chini anisaidie kupakia. "Haya mama mazito!" akasema, akabadilisha bega. Tukayashusha Hedaru sokoni, pale penye turubai, watu wakakusanyika kutazama. Mwanaidi akaacha nguo zake akaja, akaligonga bati kwa kidole akasikiliza, kama mama yake hasa. "Haya mazuri, ma'mdogo," akasema kwa sauti ndogo. "Unayauza bei gani?"

Nikainua mkono wa kulia, juu kabisa. Hedaru hawaijui ishara ile. Mwanaidi alidhani namwita mtu, akageuka kutazama nyuma yake, hakuona mtu, akanirudia mimi. Sikuushusha. Niliuacha mkono juu palepale, nikimsubiri aelewe.